Zawadi za wageni zenye majina kwa sherehe za watoto Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Kabla ya kuagiza

Mfuko wa zawadi uandikwe jina la nani: la mgeni au la mwenye siku ya kuzaliwa?

Hili ndilo la kuamua kwanza, kwa sababu gharama, muda na ukubwa wa kazi vyote vinalitegemea. Jina la mwenye sherehe likitumika, mifuko yote inafanana na mchapaji anahitaji muundo mmoja tu. Jina la kila mgeni likitumika, wageni 30 ni miundo 30, na kosa la herufi moja linamkuta mtoto fulani, siku hiyo hiyo, mbele ya wenzake.

Hata hivyo tunapendekeza jina la mgeni. Mtoto wa miaka 5 hana haja ya kikombe kilichoandikwa "Zuri ametimiza miaka 6" ikiwa yeye si Zuri. Kikombe chenye jina lake hukinywea hadi kivunjike. Bajeti ikibana, weka jina la mgeni kwenye kitu kimoja cha kudumu, kisha jina la mwenye sherehe liingie kwenye stika ya mfuko. Hapo kila mmoja amepata chake.

Vitu vingapi vinatosha ndani ya mfuko?

Vitatu au vinne. Kimoja cha kudumu chenye jina, kimoja cha kuchezea, na kimoja au viwili vya kula. Tuseme umetenga shilingi 300 kwa kila mtoto: 150 ziende kwenye kitu chenye jina, 50 kwenye mfuko na kitambulisho chake, 100 zilizobaki zinunue mchezo na kitafunio. Wengi hufanya kinyume: wanajaza mfuko vidude kumi vya bei rahisi, filimbi inakatika kabla mtoto hajafika nyumbani, na jina limebanwa kwenye kistika kisichosomeka.

Niagize wiki ngapi kabla?

Tatu. Ya kwanza ni ya kukusanya majina na kukubaliana muundo, ya pili ya kuchapa na kushona, ya tatu ya kurekebisha makosa na kufunga. Siku za mwisho wa muhula na zile za kufuzu kwa watoto wa PP2 (mwaka wa mwisho wa chekechea) wachapaji huelemewa; Novemba na Desemba ongeza wiki nzima. Anayekuahidi vikombe 40 vyenye majina kwa siku moja anaweza kuvimaliza, lakini hatakuwa na muda wa kurudia vilivyoharibika.

## Majina

Nikusanye majina kwa njia gani ili yasikosewe?

Mwombe kila mzazi ayaandike mwenyewe kwa ujumbe. Usiandike ulivyosikia kwa simu, wala usitegemee orodha ya mtoto wako. Brian na Bryan, Aisha na Aysha, Catherine na Katherine hutamkwa sawa, na mtoto anayejifunza kusoma huona tofauti hiyo upesi kuliko mtu mzima. Uliza pia anaitwa nani kila siku: aliyesajiliwa Emmanuel huenda hajawahi kuitwa hivyo nyumbani.

Mpelekee mchapaji orodha iliyochapwa, jina moja kwa kila mstari, na jumla yake chini. Ujumbe wa sauti au picha ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu humlazimisha mtu asiyewajua watoto hao kukisia. Wakiwemo wawili wenye jina moja, ongeza herufi ya jina la pili: Amani K. na Amani O.

Mchapaji akikurudishia nakala ya kuhakiki, isome kutoka chini kwenda juu. Ukiisoma kwa mpangilio uliouzoea, jicho hujaza herufi ambayo haipo.

Kwa nini jina la Mũthoni lilitoka na kisanduku mahali pa ũ?

Fonti iliyochaguliwa haina herufi hiyo. Fonti nyingi za mwandiko wa kuunganisha zilitengenezwa bila ũ na ĩ, kwa hiyo programu huweka kisanduku kitupu au huazima herufi kutoka fonti nyingine, na jina huonekana kama limeshonewa kiraka. Kabla ya kukubali fonti, mwambie mchapaji aandike Mũthoni, Kĩmani, Ng'ang'a na Achieng' kwa fonti hiyo na akuonyeshe. Majina hayo manne yatafichua karibu kila tatizo.

Uliza pia mzazi kama familia huandika alama hizo. Wapo wanaoandika Muthoni bila alama tangu cheti cha kuzaliwa, na hapo kuongeza ũ ni kubadilisha jina la mtoto.

Majina yanayokatwa kwa leza kutoka ubao yana shida yake: nukta ya i, alama juu ya ũ na kile kiritifaa cha ng' ni vipande vilivyojitenga, hivyo huanguka. Ama jina libandikwe juu ya kibao cha nyuma, ama mkataji aunganishe vipande hivyo na herufi kwa kidaraja chembamba. Chini ya unene wa milimita 2 kidaraja hicho huvunjika mikononi mwa mtoto.

Majina marefu na mafupi yatapendezaje pamoja?

Pima kwa jina refu zaidi. Christabel akitosha, Ian atatosha. Ukiiacha programu ikuze au ipunguze kila jina lijaze nafasi, Ian atakuwa na herufi kubwa mara tatu ya za Christabel, na watoto hulinganisha.

Je, niandike majina mawili na shule anayosoma?

Hapana. Jina la kwanza pekee, na kwenye mfuko au begi atakalotembea nalo barabarani ni bora liwe ndani au kwenye kitambulisho kinachotoka. Mtu asiyemjua akimwita mtoto kwa jina lake lililosomeka mgongoni, mtoto hudhani anajulikana. Penseli, kikombe na daftari havina hatari hiyo kwa kuwa hukaa nyumbani au darasani.

## Uchapaji

Stika za mfuko ziwe na ukubwa gani?

Stika ya duara yenye kipenyo cha sentimita 4.5. Sababu ni hesabu. Karatasi ya A4 ni sentimita 21 kwa 29.7. Ukiacha milimita 3 kati ya stika na stika, duara za sentimita 4.5 hupangika nne kwa upana na sita kwa urefu: stika 24. Ukitaka za sentimita 5, ya nne haiingii tena kwa upana kwa kuwa printa haichapi hadi ukingoni mwa karatasi, nawe unabaki na 15 kwa karatasi ile ile. Nusu sentimita hiyo hakuna mtoto atakayeiona, lakini wageni 45 watakugharimu karatasi tatu badala ya mbili.

Kumbuka stika hushika vizuri kwenye karatasi, chupa na plastiki. Kwenye kitambaa hubanduka siku ile ile. Huko tumia kitambulisho cha kadi kinachofungwa kwa uzi.

Faili iweje ili picha isitoke na ukungu?

Nukta 300 kwa inchi, kwa ukubwa halisi wa kuchapwa. Stika ya sentimita 5 inahitaji picha ya pikseli 600 hivi kila upande. Picha inayozunguka kikombe, yenye upana wa sentimita 20, inahitaji karibu 2,400. Rangi ya nyuma ipite mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikiteleza kidogo utaona mkanda mweupe pembeni. Maandishi nayo yakae milimita 3 ndani ya mstari huo.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Ikienda kama picha ya kawaida hubanwa, na mchapaji hupokea kivuli cha ulichotengeneza. PDF ni salama zaidi, mradi fonti zimegeuzwa kuwa michoro. Vinginevyo kompyuta yake huenda ikaweka fonti nyingine, na hapo mtarudi kwenye tatizo la Mũthoni lililoelezwa juu.

Mbona rangi ya waridi iling'aa kwa simu na ikatoka imefifia kwenye karatasi?

Simu huonyesha rangi kwa mwanga. Printa huzichanganya kwa wino wa rangi nne. Waridi kali, samawati ya umeme na kijani cha ndimu kwenye skrini havina mwenzake kwenye wino huo. Omba stika moja ichapwe kwanza, itazame nje penye mwanga wa jua, ndipo uruhusu zilizobaki.

Jina kwenye tisheti na vikombe: njia ipi inadumu?

Inategemea kitu chenyewe, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Sublimesheni hufaa vikombe vyenye mipako maalumu na tisheti nyeupe au nyepesi za poliesta. Wino hugeuka mvuke kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200 za selsiasi na kuingia ndani ya mipako au nyuzi za poliesta, ndiyo maana ukigusa hutahisi kitu. Tisheti ya pamba tupu haina pa kuushikilia, hivyo picha hufifia mara tu ikifuliwa. Kikombe cha kawaida cha dukani kisicho na mipako hukataa kabisa. Tena wino huo hauna rangi nyeupe, kwa hiyo kwenye kitambaa cheusi hutaona kitu.

Kwa pamba na kwa vitambaa vyeusi, omba DTF: picha huchapwa kwenye filamu, hunyunyiziwa unga wa gundi, kisha hubanwa kwa joto. Inakubali picha yenye rangi nyingi na kila tisheti kuwa na jina lake. Kama ni jina tu la rangi moja, vinili (utando mwembamba wa plastiki) iliyokatwa inatosha. Uchapaji wa skrini ni nafuu kwa tisheti nyingi zinazofanana, lakini kila muundo huhitaji skrini yake, kwa hiyo haufai majina tofauti. Tarizi ndiyo hudumu kuliko zote. Herufi zisiwe fupi kuliko milimita 6, zikipungua hapo mashimo ya a na e huzibika kwa uzi.

Nguo zilizobanwa kwa joto zigeuzwe nje-ndani kabla ya kufuliwa, na pasi isipite juu ya jina. Andika hilo kwenye kitambulisho. Mzazi mwenzako hana namna nyingine ya kujua.

Na penseli?

Jina lichongwe kwa leza kuanzia upande wa raba. Likianzia upande wa kuchonga, Wanjiku anabaki Njiku baada ya wiki mbili. Herufi zitoshe ubapa mmoja wa penseli. Kimo cha milimita 3 husomeka. Chagua penseli iliyopakwa rangi, ili leza ikitoa rangi ubao mweupe uonekane.

Lebo za chupa za maji hulowa na kuvuruga wino. Nifanyeje?

Tumia stika za vinili. Karatasi iliyochapwa kwa printa ya wino huchuruzika chupa ikitoka kwenye barafu. Ya printa ya toni, yaani wino wa unga, haichuruziki, lakini karatasi yenyewe hulainika na kukunjamana. Chupa za nusu lita hazina mzingo mmoja, kwa hiyo nunua moja kwanza, zungusha uzi, pima, kisha ongeza sentimita 1 ya kupandana. Bandika chupa ikiwa kavu na haijawekwa kwenye baridi.

Mafundi na vifaa nitavipata wapi mjini?

Wachapaji wako wengi River Road na mitaa inayoizunguka, hadi Kirinyaga Road. Vitu vya jumla, vikiwemo vya kuchezea, tafuta Kamukunji na Nyamakima. Vitambaa viko Biashara Street na Eastleigh. Nenda asubuhi ya siku ya kazi ukiwa na sampuli mkononi; ukieleza kwa maneno tu, "kikombe kidogo" cha kwako si cha fundi.

## Mifuko

Mifuko ya plastiki inaruhusiwa?

Hapana. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, pamoja na ile bapa isiyo na mikono. Mifuko mingi angavu inayouzwa kwa jina la selofani ni plastiki pia. Tumia karatasi ya khaki, kitambaa au kiboksi cha kadi.

Mfuko wa khaki wenye mikono uwe wa karatasi ya gramu 120 kwa mita ya mraba au zaidi ikiwa ndani kutakuwa na juisi au kikombe. Katika mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, karatasi ikilowa kitako hukatika mtoto akivuka maegesho. Miezi hiyo kitambaa ni salama zaidi.

Sherehe iko Karura. Kuna la ziada?

Ndiyo. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga, misitu na maeneo mengine yaliyohifadhiwa. Chupa za maji za plastiki, mirija, sahani na vikombe vya kutupwa vitazuiwa langoni. Badala ya maji ya chupa yenye lebo, mpe kila mtoto chupa ya kudumu yenye jina lake, ijazwe kutoka mtungi mkubwa. Hiyo yenyewe inakuwa zawadi, na umeokoa gharama ya kitu kingine ndani ya mfuko. Nairobi National Park ni vivyo hivyo.

Kitenge kimoja hutoa mifuko mingapi ya kamba?

Kwa mfuko wa sentimita 20 kwa 25, kata kipande cha sentimita 22 kwa 60, ukikunje chini na kushona mbavu mbili. Sentimita 5 za juu kila upande ni za njia ya kamba. Kitenge cha yadi 6 kina urefu wa karibu mita 5.5, na vingi vina upana wa mita 1.1 au zaidi kidogo. Vipande vitano kwa upana, tisa kwa urefu: 45. Panga kwa 40, kwa kuwa pindo lililopinda na kasoro za rangi hula kitambaa.

Kila mfuko unahitaji kamba mbili za sentimita 60, zinazotokea pande tofauti. Mifuko 40 hula mita 48.

Angalia maua kabla ya kukata. Ikiwa kitenge kina ndege au maneno yanayosimama wima, kipande kinachokunjwa chini kitakuwa kimepinduka upande mmoja. Hapo kata vipande viwili kwa kila mfuko na uongeze mshono wa kitako. Kwa kuwa maua ya kitenge humeza maandishi, jina liende kwenye kitambulisho cha kadi au kwenye kiraka cheupe.

## Vya kuwekwa ndani, na usalama

Kuna wageni walio chini ya miaka 3. Niepuke nini?

Kila kinachoweza kuziba koo. Silinda rasmi ya kupimia vitu vya kuchezea vya umri huo ina kipenyo cha sentimita 3.17, nyumbani tumia roli tupu la karatasi ya choo, ambalo ni pana kidogo na hivyo ni kali zaidi. Kinachopita ndani yake kisiingie kwenye mfuko. Baluni zisizopulizwa na vipande vya zilizopasuka ni hatari hata kwa wakubwa wao. Kamba ndefu za mfuko zibadilishwe kwa utepe mfupi ulioshonwa, zisije zikazunguka shingo.

Vitu vinavyowaka taa vikaguliwe zaidi ya vyote. Betri ndogo za mviringo zikimezwa zinaweza kuchoma koromeo ndani ya saa mbili. Kifuniko cha betri kisichofungwa kwa skrubu, usinunue. Mtoto akimeza, ni hospitali papo hapo, bila kusubiri dalili.

Vitafunio gani vinafaa?

Muulize mzazi kuhusu mzio katika ujumbe ule ule unaoomba jina. Njugu na maziwa ndivyo vya kuuliza kwanza, na kashata na chokoleti nyingi zina kimojawapo. Njugu nzima na peremende ngumu zisitolewe kwa walio chini ya miaka 5. Mabuyu hupendwa sana, lakini mbegu zake ni ngumu na rangi yake nyekundu hutia doa kila kitu. Yatie kwenye kifungashio chake, mbali na tisheti nyeupe, na kwa wakubwa tu.

Peremende nyingi za jeli zina gelatini. Ikiwa kuna wageni Waislamu, tafuta zenye alama ya halali, kisha uzitumie kwa wote ili mifuko isitofautiane. Chokoleti huyeyuka kwenye joto la nyuzi 30 na ushei: Julai haina neno, lakini Februari ndani ya gari lililoegeshwa juani itayeyuka juu ya daftari.

Kwa bidhaa za paketi angalia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Unaweza kuihakiki kwa kutuma SM# na nambari iliyo chini yake kwenda 20023.

## Malipo na makosa

Nilipe kiasi gani mwanzoni, na kosa likitokea ni la nani?

Nusu mwanzoni ni desturi nzuri kwa pande zote: mchapaji hawezi kuuza kikombe cha "Mwikali" kwa mtu mwingine, nawe hupaswi kulipa yote kabla ya kuona kazi. Lipa kwa nambari ya biashara ya M-Pesa, na uhifadhi ujumbe.

Kuhusu kosa, nakala ya kuhakiki ndiyo huamua. Uliloidhinisha likichapwa hivyo hivyo, kurudia ni kwa gharama yako. Likichapwa tofauti, ni kwa gharama yake. Kwa hiyo idhini itolewe kwa maandishi. Mwombe pia achape ziada ya vitu viwili au vitatu visivyo na jina. Sababu iko katika swali lifuatalo.

## Hali zisizo za kawaida

Mgeni amekuja na mdogo wake ambaye hakualikwa. Itakuwaje?

Nairobi hili hutokea karibu kila sherehe, na si kosa la mtoto. Andaa mifuko ya ziada, mmoja kwa kila wageni kumi, yenye kitambulisho kitupu, na kalamu nzuri ya wino mzito. Mpe jukumu hilo mtu mwenye mwandiko mzuri. Jina lililoandikwa kwa mkono papo hapo, mtoto akitazama, humfurahisha sawa na lililochapwa.

Sherehe imeahirishwa baada ya kuchapa.

Ndiyo maana hatushauri kuchapa tarehe. Mvua, homa na mabadiliko ya kalenda ya shule huahirisha sherehe nyingi. Umri unatosha, na bora uwe kwenye stika kuliko kwenye kikombe.

Nikipeleka shuleni, je?

Mwulize mwalimu wa darasa kwanza kuhusu vyakula, kisha mwombe orodha ya majina ya kwanza. Wape wote au usimpe yeyote darasani. Darasa likiwa na watoto 45, penseli moja yenye jina kwa kila mmoja inashinda mifuko 20 ya marafiki.

Kuna familia ambazo kwa imani yao hazisherehekei siku za kuzaliwa.

Zungumza na mzazi kabla. Wapo watakaopokea daftari lenye jina la mtoto bila neno lolote la siku ya kuzaliwa, na wapo watakaoomba asipewe. Fuata wanachosema, bila kushawishi.

Naweza kuweka mhusika wa katuni maarufu?

Michoro hiyo inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na anayeiuza bila idhini anajiweka hatarini. Baadhi ya wachapaji watakukatalia. Chukua wazo badala ya mhusika: simba, roketi, treni, bahari. Bora zaidi, mwambie mwenye sherehe achore mwenyewe kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe, uipige picha dirishani bila mwako wa kamera. Mchoro huo huchapika vizuri kwenye stika, kikombe na tisheti.

Mchapaji anataka kuweka picha za mifuko yetu mtandaoni.

Ni juu yako, na una haki ya kukataa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za mtoto huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi wake, nawe huwezi kuitoa kwa niaba ya wazazi wa wageni 30. Mruhusu apige picha ya mfuko wa ziada wenye kitambulisho kitupu.